Programu ya Daku

Jumatano, 20 Julai 2011

Nimeacha kazi! Leo asubuhi, kule Changamwe, mbele ya makarani wote. Nilimwambia Bi Mwikali, mkubwa wangu, kwamba mtu mwenye kipaji cha kuunda programu za simu hawezi kuzeeka akihesabu makontena. Nilitarajia anisihi. Aliniomba funguo za kabati.

Nyumbani Mishi alinisikiliza mpaka mwisho huku akikanda unga. Kisha akauliza tutakula nini. Nadhani wake wa wavumbuzi wote huuliza hivyo. Nikamweleza: Ramadhani i karibu. Magogoni nzima ina simu, hata wasio na viatu. Nitaunda programu ya kuwaamsha watu wale daku. Kwa sauti yangu mwenyewe! Mishi akasema sauti yangu huisikia kila alfajiri na haijawahi kumtoa kitandani.

Hakuelewa.

Ijumaa, 22 Julai

Siku mbili mbele ya kompyuta. Macho mekundu kama ya tetere. Programu yenyewe lazima niiandike mara mbili: moja ya simu za vitufe, nyingine ya hizi mpya za kugusa kioo. Ya kioo sina. Jirani yetu Absalom, mtu wa Kakamega anayefanya kazi kiwanda cha mabati, anayo. Nimeiazima. Aliitoa kama mtu anayemkabidhi mgeni kitoto kichanga.

Shemeji yangu Yasir, kakake Mishi, fundi wa simu pale Mtopanga, akaja eti kunisaidia. Akauliza kama nimeiacha usiku mzima nione italia lini. Wivu! Nilibonyeza kitufe, sauti ikatoka safi: "Inuka, ewe uliyelala! Inuka ule, wenzio washaamka!" Absalom alisisimka, na yeye ni Mkristo. Nikamwambia Yasir majaribio ni ya watu wasiojiamini.

Watu wa hapa hula daku saa tisa. Nimeandika tisa. Kazi imekwisha.

Jumapili, 31 Julai

Ushindi! Baba mkwe, Maalim Ghalib, imamu wa msikiti wetu, ameniruhusu kuwatilia watu programu simuni baada ya sala. Foleni ilifika kwenye mabomba ya udhu. Maalim mwenyewe alinipa simu yake kwa mikono miwili, akaniita mwanangu. Tangu nimwoe binti yake hajapata kuniita hivyo. Nusra nilie.

Likabaki jambo moja: Mzee Karisa, anayetuamsha kila Ramadhani kwa kupiga debe mtaani. Nikaenda kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwa upole kwamba dunia imebadilika, sasa apumzishe miguu.

"Na hicho kisimu chako kikilala," akauliza, "nani atakiamsha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua debe lake akaliingiza ndani, akafunga mlango taratibu. Nilihisi kitu kinanichoma kifuani. Pengine ni viazi vya karai.

Jumanne, 2 Agosti. Mfungo wa kwanza

Nimejifungia chooni. Humu ndimo ninamoandikia.

Hakuna aliyeamka! Debe halikupita, simu hazikulia. Nilifumbua macho jua limeshaingia dirishani, Mishi ameketi ananitazama, wali wa daku umeganda sufuriani. Mtaa mzima umefunga kwa chakula cha jana.

Hilo lingevumilika. Lakini asubuhi kulikuwa na maziko ya mzee mmoja muuza kahawa, Mungu amrehemu. Wanaume wote makaburini, njaa usoni, kila mmoja akinitupia jicho. Maiti ameshateremshwa. Kimya. Maalim Ghalib akainua mikono aombe dua. Ikawa saa tatu. Saa tatu ya asubuhi, ambayo simu, mashetani hawa, huiandika tisa!

Mfukoni mwa kanzu ya imamu ikatoka sauti yangu: "Inuka, ewe uliyelala! Inuka ule, wenzio washaamka!"

Mwana wa marehemu akachungulia kaburini. Wallahi, akachungulia.

Maalim alijipapasa huku na huku asiione simu. Kabla hajaipata, mfuko wa pili ukaita, wa tatu, wa kumi. Simu za mtaa wetu hazikubaliani saa, kwa hivyo hazikulia pamoja, zilipokezana. Waliokuwa chini mwanandani wakimlaza maiti walitoka bila kushikwa mkono. Mtu mzima mmoja, mwenye wajukuu, aliruka ukuta.

Na sauti kila mtu anaijua ni ya nani.

Jumatano, 3 Agosti

Nimekwenda kumwomba radhi mwana wa marehemu. Alinisikiliza mlangoni. Akasema kwamba pale kaburini, kwa kitambo kidogo sana, alitumai. Nilirudi kwa uchochoro wa nyuma nisionane na mtu.

Nikampigia Bi Mwikali. Nafasi yangu imeshapata mtu. Nikamrudishia Absalom simu aliyoniachia jana jioni niitazame. Akasema kiwandani ilimwambia ale, naye akaona ni ushauri mwema, akala.

Yasir ameketi mlangoni mwa msikiti anaifuta programu, simu moja baada ya nyingine. Hanisemi kwa mtu. Afadhali angenisema!

Alasiri Maalim akaniita. "Ewe Habib, kwenu saa hukusomeshwa?" Lile la mwanangu limekwisha. Nikasema nitakwenda kumrudisha Mzee Karisa. Nimechelewa. Watu wa Mtopanga wameshamchukua, na wamemnunulia debe jipya. Ametuachia lile la zamani.

Maalim akatoa hukumu mbele ya jamaa wote: aliyelinyamazisha debe atalipiga yeye. Mwezi mzima.

Ijumaa, 5 Agosti

Mkono umevimba. Mbwa wa Magogoni hawanijui, au wananijua. Mwanamke mmoja alinimwagia maji dirishani akaniambia nipunguze sauti. Mwingine akauliza betri yangu inatolewa wapi. Watoto wanasema napiga kama mtu anayefukuza kunguru.

Mishi sasa anakaanga bajia na kuziuza barazani magharibi. Zinaisha zote. Nakaa nyuma ya pazia nasikia wateja wakimpa pole, na si kwa sababu ya moto wa jiko.

Sina kazi. Sina heshima. Nina debe.

Jumapili, 21 Agosti

Mambo yanatengenea, nashindwa kuamini. Leo Maalim ameitikia salamu yangu yote, mpaka mwisho. Mishi kanicheka badala ya kuninunia; asema napiga vizuri siku hizi, watu wanaamka. Na Bi Mwikali ameleta ujumbe: karani mpya kamshinda, nirudi kazini kesho, makontena yananingoja. Mishi alipousoma alikaa chini, akashukuru Mungu kwa sauti.

Ningerudi. Lakini baada ya tarawehe niliwasikia wazee wakiteta barazani. Idi lini? Hawa wanafuata Saudia, hawa wanataka mwezi uonekane hapa kwa macho. Kila mwaka ugomvi huo huo, ndugu wanakula Idi siku mbalimbali. Nikasimama pale pale, debe mkononi, mwili ukinisisimka.

Programu! Mtu anaielekeza simu mbinguni, simu inamjibu: mwezi upo, au mwezi haupo. Imekwisha! Umma wote utakula Idi siku moja kwa ajili yangu!

Absalom kasitasita, ila simu kanipa. Nimeshawaahidi watu wa misikiti miwili. Bi Mwikali nimemjibu kwamba sirudi. Mishi nitamwambia baadaye, akishakula. Yasir kauliza kama safari hii nitaijaribu kwanza.

Ya nini? Kosa lile lilikuwa la saa. Mwezi hauna saa.