Waraka Wangu Dhidi ya Sabuni ya Nje

Jumatano, 1 Machi 1972. Kapseret.

Nimeswali alfajiri, nimesoma juzuu moja, nimefungua redio. Imetangazwa kwamba Serikali itapunguza bidhaa zinazoletwa kutoka nchi za nje, na kwamba itavishika mkono viwanda vya hapa nyumbani. Sababu ni kuwa fedha za kigeni zimepungua. Sikufahamu zimepungukia wapi, wala zilikuwa kwa nani. Ila habari ya kiwanda niliifahamu barabara. Kiwanda ni mimi.

Natengeneza sabuni tangu mfungo wa mwaka jana. Mapipa mawili, mwiko mmoja, na mke wangu Safia, ambaye hukohoa. Amekwisha kunionya: moshi wa sabuni ukiingia tena jikoni mwake baada ya mwezi huu, atarudi kwa kaka yake Isiolo. Na mvua za masika ziko karibu. Sabuni haikauki nje kwenye mvua. Nahitaji paa.

Alasiri, mkutano wa chama chetu cha kununulia ardhi. Shamba la Mzungu tumeshaligawa, kila mwanachama ana ekari zake. Limebaki ghala la mawe alimokuwa akitengenezea siagi, lenye sakafu ya saruji, tangi la maji na jiko kubwa la chuma. Halikatiki vipande. Mwenyekiti wetu, Mzee Kipyego, akasema kwamba kwa kuwa Serikali inataka viwanda, ghala atapewa mwanachama atakayeleta barua ya Afisa wa Biashara kuthibitisha kuwa kiwanda chake ni cha nyumbani hasa. Nikahisi macho ya watu yamenielekea. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilipokiinua nikatambua kuwa wanamtazama Mama Tryphosa, aliyeketi nyuma yangu.

Naye hutengeneza sabuni!

Alhamisi, 2 Machi.

Usingizi haukunijia vema. Mama Tryphosa ni mjane aliyetoka upande wa Bungoma, mtu wa kanisa, mpole, asemaye kidogo. Mtu asemaye kidogo ana jambo. Nimenunua kipande cha sabuni yake sokoni, kwa kupitia mkono wa mtu mwingine, nikakijaribu. Povu lake ni jingi kupita kiasi. Povu la namna ile haliwezi kuzaliwa Kapseret. Kisha kila wiki huonekana akirudi na magunia mgongoni mwa punda, akitokea njia ya magharibi. Magharibi kuna mpaka wa Uganda. Mwenye akili na atafakari.

Nimeandika waraka kwa Afisa wa Biashara. Kurasa nne. Nimemwomba ainyime barua sabuni yoyote iliyotiwa kitu cha kutoka nje ya Jamhuri, "hata kiwe kidogo mfano wa chembe ya hardali, na hata aliyekitia awe mtu wa heshima." Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza kwa uadilifu, kwa kuwa mjane yule anaheshimiwa sana.

Nikamsomea Safia. Alisikiliza huku akichambua mchele. Akaniuliza kopo la kostiki, ile dawa kali ninayotia kwenye mafuta yageuke sabuni, limeandikwa lugha gani. Nikamwambia hilo si suala lililo mbele yetu.

Ijumaa, 3 Machi.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimkabidhi Afisa waraka wangu mjini. Jina lake Bwana Adero, kijana mwenye miwani, meza yake imejaa karatasi kama ghala la mahindi. Aliusoma wote. Akasema ni mara yake ya kwanza kumwona mfanyabiashara akiomba sheria iwe kali zaidi. Akaahidi kuja Kapseret Jumanne kukagua sabuni zote mbili, kitu kwa kitu. Nilimshukuru kwa dua ndefu.

Wakati wa kutoka akanieleza kwamba kostiki nayo imeingizwa katika orodha ya vitu vinavyohitaji leseni, maana yatoka ng'ambo. Nikaganda mlangoni. Serikali yazuia vya nje ili kiwanda cha ndani kistawi. Kiwanda cha ndani chastawi kwa kostiki. Kostiki ni ya nje. Niliyazungusha maneno haya hadi duka la Ibrahim, na yakawa yananirudisha pale pale.

Dukani yalikuwa yamebaki makopo mawili ya kostiki. Nikayachukua yote, ili Mama Tryphosa asipate hata moja. Nilijiuliza kama huku si kuhodhi, jambo lililokatazwa. Lakini nilivyosomeshwa, kuhodhi kulikokatazwa ni kwa chakula cha watu, na kostiki si chakula. Dhamiri imetulia.

Jumamosi, 4 Machi.

Nimesubiri Mama Tryphosa aje kuniomba kostiki. Nilikwisha kutunga maneno ya kumkatalia kwa upole. Hakuja.

Saa tisa nikapita kwake, kama mtu anayekwenda kwingine. Nikamkuta anachoma maganda ya ndizi na makapi ya maharagwe, anakusanya majivu, anayachuja kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa. Nikafahamu mara moja. Watu wa kwao hutia maji ya majivu kwenye mboga zilainike. Maskini, amekata tamaa ya sabuni, amerudi kwenye mboga. Magunia yale ya punda kumbe ni maganda ya ndizi. Akanikaribisha uji. Nikanywa vikombe viwili kwa huruma.

Njiani nikamwombea Mungu ampe riziki nyingine. Mbali na ghala.

Jumapili, 5 Machi.

Makopo ya kostiki yana maandishi ya Kizungu na picha ya meli. Meli hasa ndiyo inayonisumbua. Kuyafuta maandishi ni udanganyifu, nami sidanganyi. Lakini kuhamisha kitu kutoka chombo hadi chombo ni halali. Nikaazima vibuyu viwili kwa Mzee Kipyego, vya maziwa ya mala, nikaigawa kostiki humo.

Kibuyu cha kwanza kilianza kulia kama chungu cha moto kilichotiwa maji. Kumbe hakikuwa kimekauka. Adhuhuri kamba zake za ngozi zilikuwa zimeyeyuka. Alasiri kikaangusha kitako, na kostiki ikamwagika juu ya mkeka wa Safia, ikautoboa. Safia alipima urefu wa lile tundu kwa shubiri, akaenda akaliteremsha sanduku lake la safari kutoka darini.

Jumatatu, 6 Machi.

Sanduku liko wazi kitandani. Lina khanga tatu. Jana lilikuwa na mbili.

Nimekesha na kitabu, na hoja nimeipata. Alhamdulillahi! Katika mlango wa twahara tumesomeshwa kwamba maji yakichanganyika na kitu kikayabadili rangi, ladha au harufu, hayo si maji yale tena, hukumu yake imegeuka. Basi na kostiki ni vivyo hivyo. Ikichanganyika na mafuta ya Kapseret ikabadilika rangi, harufu na ladha, haiwi tena ya ng'ambo. Imekwisha kuwa raia.

Ladha sikuijaribu.

Jumanne, 7 Machi.

Nayaandika kama yalivyotokea.

Bwana Adero alifika saa nne. Chama kizima kilikusanyika mbele ya ghala. Akaanza na mimi. Akauliza kostiki yatoka wapi, nami sikuficha, nikasema ng'ambo, kisha nikamweleza mlango wa twahara tangu mwanzo wake. Nilizungumza robo saa. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza marashi yatoka wapi. Aden. Kalibu ninamokatia vipande? Ni mkebe wa biskuti wa Uingereza. Mafuta? Hapo nikanyanyua kichwa: yatoka kwa Abdi muuza nyama. Abdi, ambaye hakuitwa, akasema kwa sauti kwamba mwezi huu nyama imekuwa adimu, mafuta yale aliyaagiza Tororo, Uganda.

Mzee Kipyego akaniuliza, "Maalim Farah, sasa ya hapa ni nini?"

Nikasema maji. Na mwiko.

Zamu ya Mama Tryphosa ikafika. Hakuwa na kitabu wala hoja. Akaweka kipande chake juu ya jiwe. "Mafuta ni ya kondoo wangu, Bwana Afisa. Majivu ni ya maganda ya ndizi za shemeji yangu kule Turbo. Maji ni ya kisima. Sijanunua kitu, kwa sababu sina cha kununulia."

Majivu! Hayakuwa ya mboga; ndiyo kostiki yake.

Bwana Adero akautoa mfukoni waraka wangu, akausoma mbele ya watu, ukurasa wa tatu, pale pa chembe ya hardali na mtu wa heshima. Akasema hajapata kuona mwongozo ulio wazi kama huo, hata kutoka Nairobi, na kwamba ataufuata neno kwa neno. Barua akampa Mama Tryphosa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa waraka ulisomwa vizuri.

Jumatano, 8 Machi.

Sanduku sasa limefungwa, liko mlangoni. Basi la Nakuru, njia ya kwenda Isiolo, laondoka kesho.

Saa tatu Mama Tryphosa alikuja. Nilidhani amekuja kunicheka. Aliketi na Safia kwanza, wakanong'ona kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Maalim, ghala lile ni kubwa, nusu yake yanitosha. Jiko la chuma siliwezi peke yangu, na wateja wakileta barua mimi siwezi kuzijibu. Njoo ulete mapipa yako. Majivu nitakuonyesha."

Nikamwambia nitalitafakari. Safia akasema hakuna la kutafakari, akaliburuta sanduku kurudi ndani, na kabla ya adhuhuri mapipa yangu yalikuwa ghalani. Sikuulizwa. Naandika haya nikiwa nimeketi chini ya paa jema, kando ya jiko jema, na Safia hakohoi. Ni neema, sikatai. Lakini ni neema ya nusu ghala.

Alasiri redio imetangaza kwamba Serikali sasa itawasaidia hasa wale wanaouza bidhaa zao katika nchi za nje. Nimeisikia kwa masikio yangu mawili. Basi kosa langu halikuwa sabuni, bali upande niliouelekeza! Kostiki ya kopo la pili ingali kwenye kibuyu kilichobaki kizima. Nitauza Uganda.

Mama Tryphosa ameniomba nimjibie barua ya shule ya bweni inayotaka sabuni. Nimemwambia asubiri hadi kesho, kwani kalamu ina kazi kubwa zaidi. Naiandikia Serikali ya Uganda. Nimefika ukurasa wa pili. Naisihi izuie kabisa, bila huruma, sabuni zote zinazotoka nje ya nchi yao, ili yangu ipate nafasi.