Muuza Miaka

Koti lilitangulia, mtu akafuata. Ndivyo Mheshimiwa alivyoingia kila mahali: kwanza koti la mahameli la bluu lenye vifungo vya kung'aa, halafu yeye mwenyewe. Kwa koti hilo alishawahi kuwa wakili, mkaguzi wa majengo na, Mungu amsamehe, bwana harusi. Bila koti, hata paka hamwamkii.

Asubuhi hiyo alikuwa anajipitia mbele ya chuo cha sanaa, akaona foleni ya vijana langoni, nyuso zimewasawajika kama wanaosubiri kung'olewa meno.

"Vipi, kuna msiba?" akamuuliza mlinzi.

Mlinzi aliliona koti, akasimama wima, akapiga saluti. "Hapana, mheshimiwa. Ni usaili wa fani ya maigizo. Leo zamu ya waliomaliza shule wakakaa nyumbani mwaka mzima. Kabla hawajaigiza, jopo linawauliza: mwaka wote huo ulikuwa unafanya nini?"

Mheshimiwa akaitazama foleni upya. Ewe Mola mpaji! Watoto wa watu walioshinda kitandani mwaka mzima, na sasa wanatakiwa wautolee maelezo. Mtu mwingine angewahurumia. Yeye alivuka barabara, akakalia benchi la mama muuza chai, akafungua duka la miaka.

"Ninao mwaka wa kuuguza bibi," alimnong'oneza kijana mmoja mrefu. "Huo una machozi, hakuna jopo la kuukataa. Ninao wa kujitolea kufundisha watoto. Ninao na wa kutembea kwa miguu kuitafuta nafsi, ila huo unataka mtu aliyekonda kuliko wewe."

"Nipe bibi."

"Hujakosea. Ila sikiliza, mwanangu: mali ikishatoka hairudi."

Bibi akauzika vibaya mno. Mheshimiwa alimgawa kwa mrefu, kwa mfupi, kwa mapacha wawili waliomchangia. Mama muuza chai akatikisa kichwa. "Huyo bibi wa watu ataugua mpaka lini?"

"Mpaka jioni, mama. Niongezee sukari."

Ndipo akaja binti mmoja mnyenyekevu, macho chini, viatu vimejaa vumbi la saruji. Shingoni alivaa mkufu mnene wa dhahabu. Mheshimiwa aliuona mkufu kwanza, binti baadaye.

"Shikamoo, mjomba. Mimi mwaka wote nilikuwa kaunta, dukani kwa shangazi, nauza misumari. Ameapa nikikosa chuo safari hii, kaunta ni yangu mpaka wajukuu. Nisaidie, nitakufa kule!" Akaangua kilio, cha kweli kabisa, kamasi na yote.

"Marahaba, mwanangu. Nyamaza. Bibi yupo."

Binti akafuta machozi. "Basi mimi nitaigiza daktari aliyemkatia tamaa huyo bibi. Lakini daktari gani huyo, na kanga hii? Mjomba, niuzie na koti."

"Koti? Weee! Hili ni ngozi yangu!"

"Nakupa mkufu wa marehemu mama. Sina kingine."

Mheshimiwa akaupima mkononi. Ukalemea vizuri. Akawaza: dhahabu ya hivi ni makoti kumi na kofia juu. Akavua koti upesi, binti asije akapata akili. "Lakini kumbuka, mali ikishatoka..."

"Hairudi, mjomba. Nimesikia."

Sonara wa mtaa wa pili hakuhitaji hata mizani. Alikwaruza kwa ukucha, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Bwana, hii ni shaba, tena imepakwa rangi ya milango!"

Mheshimiwa alirudi chuoni mbio, shati limemganda mgongoni. Mlinzi akamzuia kwa rungu. "We nani?"

"Mimi! Si ulinipigia saluti asubuhi?"

"Nilimpigia mheshimiwa mmoja wa maana. Hebu pisha njia."

Akazunguka nyuma, akapenya kwenye uwazi wa ukuta karibu na jalala, akatokea mlango wa ukumbi. Jukwaani lilikuwepo koti lake, na ndani ya koti yule binti, kidevu juu, mkono wa kulia mfukoni, sauti nzito ya asali. "Ninao mwaka wa kuuguza bibi! Una machozi! Mali ikishatoka hairudi!" Jopo lilikuwa hoi. Mwenyekiti wake, mama wa makamo mwenye mvi, alijifuta macho kwa ushungi.

"Kumbe huyu unayemwigiza ndiye aliyetuletea bibi mmoja asubuhi nzima! Tumemuuguza mpaka tumechoka. Na wewe, binti, kweli mwaka wote ulifanya nini?"

"Niliuza misumari, mama. Kaunta inakuonyesha watu. Anayetaka kukuibia anakuita mwanangu kabla hajakujua. Huyu nilimwona tangu bibi wa kwanza, nikiwa foleni."

Roho ilimuuma Mheshimiwa, na wakati huohuo, jamani, aliona fahari. Ila kitu kimoja hakukivumilia.

"Mkono wa kushoto!" alipaza sauti. "Mfukoni naweka wa kushoto!"

Ukumbi mzima ukageuka. Binti akahamisha mkono, kwa adabu. "Asante, mjomba."

"Nirudishie koti langu! Mkufu wako ni shaba!"

"Najua. Shuleni niliigiza malkia nikiwa nao. Lakini mjomba," akashusha sauti kwa huruma, "mali ikishatoka..."

"Hairudi!" likaitikia jopo kwa pamoja.

Mwenyekiti akamgeukia binti. "Umepita. Kamwambie shangazi atafute mtu wa kaunta." Binti akajifunika uso kwa mikono ya koti, akalia tena. Safari hii hata Mheshimiwa, fundi wa machozi, hakujua kama ni ya kweli.

Kisha mwenyekiti akamwangalia yule mwanamume wa shati lililolowa pale mlangoni, mkufu wa shaba mkononi.

"Na wewe, bwana? Mwaka huu wote ulikuwa unafanya nini?"

Mheshimiwa akafungua mdomo. Akapekua kichwani, duka zima, rafu kwa rafu, akitafuta hata mwaka mmoja wa kujisitiri. Hakuukuta. Hata bibi alikuwa ameshauzwa.