Malalamiko Kuhusu Mbwa Anayechanwa Kuliko Mwenye Nyumba

Kwako Baba Mkwe,

YAH: KUOMBA UJE UMCHUKUE MBWA WAKO, AU UNIPE MIMI NAFASI YAKE

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yako yametulia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Mzee wangu, ulipohamia kwenye jengo lisiloruhusu mbwa, ulituletea mbwa wako wa aina ya koli, yule uliyempa jina la Bwana Harusi kwa ajili ya kifua chake cheupe. Agizo lako lilikuwa fupi: achanwe sana. Nilikubali kwa moyo mmoja, maana mkwe hakatai. Sasa maji yamenifika shingoni. Na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, si mtu wa maneno, nayapanga malalamiko kwa namba nisije nikapotea njiani.

1. Hukuniambia kwamba koli huvaa makoti mawili, la juu refu na la ndani laini kama pamba, na kwamba hilo la ndani halitulii mwilini. Lipo kitandani, lipo kwenye sukari, lipo kwenye cherehani. Mwalimu mkuu alikuja kujaribu suti yake nyeusi, akajitazama kwenye kioo, kisha akaniuliza kwa upole kama bitana imeanza kuota manyoya. Nilimwambia ni mtindo. Mungu anisamehe.

2. Lugha. Kwangu mimi kuchana ni kupasua kitambaa. Kwa binti yako, ambaye ni msusi, ni kupitisha chanuo. Jirani yetu yeye yuko upande wangu. Siku moja alimsikia binti yako kupitia ukutani akiongea kwenye simu, kwamba ameshamchana Bwana Harusi mgongo wote, sasa anamgeuza amchane na tumbo, na akileta fujo atamkalia. Jirani hajui kwamba ni jina la mbwa. Bwana harusi anayemjua katika nyumba ile ni mmoja tu. Niliporudi kutoka kununua uzi nilikuta umati mlangoni kwangu, wanawake wanalia, na seremala wa mtaa wa pili ameshanikadiria urefu. Ndani, mbwa alikuwa amelala chali juu ya taulo langu, miguu yote minne juu, anakoroma. Tangu hapo mtaani naitwa Marehemu.

3. Mkasi wangu wa kitambaa, ambao hata karatasi ni mwiko kuukatia, sasa unapunguza manyoya ya vidole vya mbwa. Hapa sina la kuongeza.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Zamani, kila Jumamosi, binti yako alikuwa akinikalisha kwenye kigoda uani, ananipunguza nywele, ananipaka mafuta, huku ananisimulia mambo ya saluni. Nakiri kwamba nywele zangu sasa zimebaki za kuombea dua. Lakini zilipopungua nywele, masimulizi yalizidi, na mimi nilikuwa nafuata hayo. Leo kigoda kile kinamhudumia mbwa. Ananyunyiziwa maji ya uvuguvugu, anashikwa nywele kwenye shina ili chanuo lisimuumize, anaulizwa kama anaumia. Na masimulizi yote anapewa yeye. Habari za binamu yangu kuchumbia, mbwa alizijua kabla yangu. Juzi nilisimama mlango wa uani nikakohoa ili nionekane. Niliambiwa ninywe maji.

5. Kwa hiyo, Mzee, kama mapenzi katika nyumba hii yanagawiwa kwa wingi wa manyoya, mimi kipara sina changu. Naomba kwa unyenyekevu niandikishwe rasmi kuwa mbwa wa pili wa nyumba, pamoja na haki ya kukunwa tumbo na kusamehewa nikilala kwenye kochi na matope. Ikishindikana, anayeonewa katika ndoa hurudi kwao. Kwetu wamejaa, hivyo nitakuja kwako. Nimesoma masharti ya jengo lenu mlangoni: mbwa wamekatazwa, wakwe hawajatajwa.

Nisikufiche. Nimemkumbuka mke wangu, naye yupo hapo uani tu.

Nisalimie sana Mama Mkwe, shemeji zangu wote wakubwa kwa wadogo, na mlinzi wa jengo, ambaye huenda tukaonana naye karibuni.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Fundi

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa ilipofika Jumamosi. Binti yako alikwama saluni, na mbwa alikuwa na fundo baya nyuma ya sikio. Mafundo ni kazi yangu. Nililifungua kwa vidole, taratibu, kama mtu anayefumua mshono, naye akaniwekea kidevu gotini akashusha pumzi. Wateja wangu hawajawahi kunishukuru hivyo.

Binti yako akatukuta. Kisha akavua kilemba, akaja akaketi chini mbele yangu, akanipa mgongo, akasema kutwa nzima anachana vichwa vya watu, na tangu atoke kwa mama yake hakuna aliyewahi kumchana yeye. Nikachukua chanuo, Mzee. Miaka yote hii sikujua kwamba ana mvi nyuma ya sikio la kushoto. Akaanza kusimulia, chai ikapoa, tukainywa hivyo hivyo.

Basi mbwa usije kumchukua. Ila kama huko kwako kulibaki chanuo jingine, tutumie, maana hili lina foleni. Anatangulia binti yako, anafuata Bwana Harusi, na wa mwisho ni mimi, wala silalamiki.