Kona ya Bwana Hofstetter

Marekani haiwezi kupata rais bila Wendell Hofstetter! Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na ameyasema dukani, kanisani, hata kwa daktari wa meno huku kaachama.

Wendell, muuza mbegu za mahindi katika mji mdogo wa Iowa, alikuwa wakala wa Seneta Prewitt, aliyeutaka urais. Miezi mitatu alikanyaga theluji akibisha hodi kwa watu. Aliahidiwa kitu kimoja tu: akiuleta mtaa wake upande wa Prewitt, atapanda jukwaani Des Moines, mji mkuu wa jimbo, kumkaribisha mgombea mbele ya kamera. Suti alikwisha kununua. Hotuba aliikariri mbele ya kioo, na hakuna kioo kilichopinga.

Siku ya mchujo wa kumchagua mgombea wa chama, wanachama sitini wa mtaa huo walijaa ukumbi wa michezo wa shule. Kura ya siri haipo: unasimama kwenye kona ya mgombea wako, jirani anakuona. Kona isiyofikisha watu tisa inavunjwa, na watu wake wanakwenda kuomba hifadhi kwingine.

"Tisa?" Wendell akacheka. "Mimi nataka arobaini!"

Akahesabu. Wanane. Akarudia, akianza na yeye mwenyewe. Wanane!

"Msiwe na wasiwasi, mke wangu bado. Marlys! Njoo haraka, wanafunga hesabu!"

Marlys alikuwa kona ya pili, ya Gavana Loomis, mpinzani wa Prewitt, ameshika bango mbele ya umati.

"Nimefika zamani, mume wangu."

"Huko umepotea! Kona yetu hii hapa!"

"Yenu."

"Usinitie aibu, mama! Bango la Prewitt si liko mbele ya nyumba yetu?"

"Lipo. Nikizoa theluji nalizunguka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Umewapigia simu watu mia tisa kuwaomba kura, Wendell. Zote umepiga ukiwa mezani kwangu, nakumiminia kahawa. Mimi uliniomba lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza: kona imevunjwa! Wale saba wakahama bila hata kwaheri, wakizoa njiani maandazi aliyowanunulia. Wendell akabaki peke yake na boksi tupu. Mwishowe akajikokota hadi kwa mkewe, macho chini.

"Karibu," Marlys akasema, akimkabidhi bango. "Liinue, umeficha jina la gavana. Na Jumamosi mimi ndiye nitakayemkaribisha jukwaani Des Moines, kwa hiyo nahitaji dereva. Bahati nzuri suti unayo."