Bawaba Isiyo na Mwanya

Saa tatu asubuhi, Jumatatu moja ya Agosti 2009, sanduku la mbao lilishushwa mbele ya ofisi ya Mradi wa Vipuri Vijijini, Nachingwea. Ndani yake mlikuwa na mashine inayoyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitokee kifaa kamili. Kabla halijafunguliwa, Bwana Kaimu alipanda juu yake akatangaza kwamba wilaya imevuka rasmi kutoka zama za kuchonga, na kwamba watu wa Ruangwa, wilaya jirani, wakitaka kuja kujifunza, waombe kwa maandishi.

Jina la Kaimu alipewa na baba yake. Wizara nayo ikaongeza la kwake: alikuwa kaimu mratibu kwa miaka saba, na kibao cha mlangoni kilisomeka KAIMU MRATIBU KAIMU. Aliyekiandika alirudi kuuliza kama hawakukosea. Hamu yote ya Bwana Kaimu ilikuwa kuthibitishwa. Ijumaa angekuja mgeni rasmi na barua ya uthibitisho mfukoni, angempa ilimradi aone kifaa cha kwanza kikifanya kazi.

Kifaa hicho kilikuwa bawaba ya mlango wa ofisi. Tabitha, mhandisi wa Mradi, aliichora itoke mashineni ikiwa nzima, pini ikiwa tayari ndani ya tundu lake. Kuzunguka pini aliacha nafasi nyembamba kama ukucha, akaandika pembeni: mwanya.

Bwana Kaimu aliposoma neno hilo aliweka kalamu chini.

"Dada Tabitha, huu mwanya ni wa nini?"

"Ili pini izunguke, bosi. Plastiki inatoka ya moto. Bila mwanya, pini inagandana na tundu, vinakuwa kitu kimoja."

"Umoja ni mbaya?"

"Kwa bawaba, ndiyo."

"Waraka wa wizara unasemaje kuhusu mianya?"

"Izibwe. Lakini ile ni mianya ya rushwa, bosi."

"Waraka umesema mianya yote. Wewe umeona wapi pameandikwa isipokuwa ya bawaba?"

Tabitha hakuona.

Kamati ya dharura iliketi, ikanywa chai ya Mama Koleta, mpishi wa ofisi, ikaazimia bawaba iwe nene maradufu na mwanya uzibwe. Tabitha aliomba kumbukumbu zioneshe kwamba amepinga. Zilionesha kwamba amechangia.

Alhamisi zikatoka bawaba mbili, nyeupe, zinang'aa. Fundi Jumanne alijaribu kuikunja moja kwa mikono, kisha kwa goti.

"Bosi, hii haikunjiki."

"Huo ndio uimara."

"Sasa si ubao tu?"

"Ubao una tabaka?"

Ijumaa ilipangwa kwamba utepe ukikatwa nje, Bwana Kaimu aufungue mlango kwa ndani na kujitokeza. Akiwa naye chumbani, Jumanne alikaza bawaba kwa skrubu, zikalala nusu juu ya mlango, nusu juu ya fremu. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Severini wa wizarani, aliyetia saini waraka ule wa mianya, alikata utepe. Watu wakapiga makofi. Makofi yakaisha.

"Bwana Kaimu, karibu nje."

"Mheshimiwa, nipo katika hatua za mwisho za ufunguaji."

Alivuta kitasa. Akaweka mguu kwenye fremu, akavuta tena. Jumanne akamshika kiuno, wakavuta wote wawili.

"Nitoe skrubu, bosi?" Jumanne alinong'ona.

"Barua kwanza. Ukitoa skrubu, kifaa kimeshindwa."

Mama Koleta alisogea dirishani na sahani. "Baba Kaimu, pilau inapoa huku! Nikusagie unywe kwa mrija?"

"Kuna tatizo?" aliuliza mgeni rasmi.

"Hakuna, Mheshimiwa! Huu ni mlango wa kwanza wilayani usio na mwanya hata mmoja. Kama waraka wako ulivyoagiza."

Mheshimiwa aliutazama mlango kwa heshima. Hakuwahi kuona waraka wake ukitekelezwa.

"Hongera sana. Barua umeistahili. Nikupitishie wapi? Chini ya mlango?"

Bwana Kaimu alitazama chini ya mlango.

"Pale nilishapigilia raba, Mheshimiwa."

"Dirishani?"

"Nimeweka wavu. Haupitishi hata mbu."

"Tundu la ufunguo?"

"Nta."

Mheshimiwa alisikitika kikazi. "Barua ya uthibitisho hupokewa mkono kwa mkono. Huo nao ni waraka. Nani mwingine wa Mradi yuko nje?"

Tabitha alikuwa nje. Mheshimiwa alikata jina moja kwenye barua, akaandika lingine, akatia saini, akamkabidhi mkono kwa mkono. Uamuzi wa kwanza wa mratibu mpya ulikuwa kuihamishia mashine Chunyu, wilayani Ruangwa, ambako pampu za maji zilikuwa zikisubiri viungo, na ofisi ina mlango unaofunguka.

Bwana Kaimu aliyaona yote kupitia wavu. Saa nane mchana gari la wizara lilishika njia ya Ruangwa, Tabitha akiwa kiti cha mbele na mashine nyuma.

"Jumanne," alisema Bwana Kaimu.

Skrubu ya kwanza ikaanza kulia.