Mheshimiwa Bata Aenda Angani

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Binti yangu wa miaka sita amevunjikiwa na baiskeli. Mimi nimeketi mlangoni, mikono mitupu, baba mzazi. Akanipita! Akaikokota moja kwa moja hadi uani kwa mjomba wake. Huyo mjomba ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi bomba. Alikuja kukaa kwetu wiki mbili, na huu ni mwezi wa saba.

Nilimuuliza mtoto kwa upole kwa nini hakuniletea mimi. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba baba anaandika tu. Ni kweli, mimi ni karani wa masjala. Lakini iliniuma, sitaficha. Ulimi ukateleza. Nikamwahidi kwamba Jumamosi bata wake wa plastiki, yule wa kuogea aliyechorwa tai shingoni, anayemwita Mheshimiwa, atapanda angani kwa roketi iliyoundwa na baba. Macho yalimtoka! Sasa inabidi nijue roketi ni nini.

Jumanne, 5 Machi

Roketi ni chupa. Sikuamini! Unachukua chupa ya soda ya plastiki, unatia maji kidogo, unaibana kwa kizibo cha mpira chenye sindano ya kujazia mipira, kisha unasukuma hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka kizibo kishindwe kuvumilia. Maji chini, chupa juu. Mabawa matatu nimeyakata kwenye sahani za kuchezea za binti. Kikombe chake kimekuwa pua.

Jaribio la kwanza nililifanyia bafuni, kwa usiri. Kosa. Dari limelowa, nami pia. Mke wangu aliuliza kutoka nje kama niko mzima. Nikajibu kwamba ni utafiti. Akasema utafiti huo utapigwa deki na mtafiti mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji kaja kuchungulia. Nani kamwita? Akaiweka roketi juu ya kidole kimoja, ikainamia mkiani. Akasema uzito lazima uwe mbele, bata akae puani, la sivyo chombo kitageuka huko huko juu.

Nilicheka kwa dharau. Nimepanga safari za wakubwa kwa miaka kumi na tisa, sijaona mheshimiwa akikaa mbele. Mbele hukaa dereva na mlinzi. Mheshimiwa hukaa nyuma! Shemeji akasema haya, mwenye macho haambiwi tazama. Wivu huo. Fundi bomba atajua nini kuhusu itifaki?

Nimemfunga bata mkiani kwa selotepu ya ofisini, mizunguko kumi na minne. Na kwa kuwa mkubwa hasafiri peke yake, nimemwekea gololi sita za kumsindikiza.

Ijumaa, 8 Machi

Binti amewatangazia darasa zima. Kijasho chembamba! Pampu yetu imekufa. Nimeazima ya shemeji. Yaani, bado sijamwambia.

Jioni mtoto akaja akaniegemea begani, akauliza kama Mheshimiwa ataogopa. Nikamwambia hapana. Hajaniegemea hivyo tangu mjomba wake alipohamia hapa. Chonde chonde, chupa, usiniaibishe.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne asubuhi, uani. Mke wangu kasimama kibarazani, kajishika kiuno. Binti kavaa gauni la sikukuu. Shemeji kajificha nyuma ya pipa la takataka. Mwoga! Nikatoa hotuba fupi. Nikapiga pampu mara ishirini. Kimya. Nikaongeza kumi.

Fyuuu! Ikapanda! Ikapita paa, ikapita antena! Binti alipiga kelele akiniita baba, baba, baba. Kama ningekufa pale pale, ningekufa nimeshiba.

Kisha Mheshimiwa akageuka. Gololi ndizo zilizotangulia kushuka, moja baada ya nyingine, kichwani kwangu. Halafu chupa yenyewe. Nilikimbilia kushoto, ikaja kushoto. Nilikimbilia kulia, ikaja kulia. Naapa ilikuwa inanijua. Nikaingia mguu mmoja kwenye ndoo ya kufulia, na nilipoinama kuutoa, ikanipata makalioni.

Bata amepasuka tumbo. Binti alimwokota, akamtazama, akaziba uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Nikatamani ardhi inimeze. Niliingia ndani bila kungoja shemeji afungue mdomo. Sikula mchana.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa nimesimama. Kukaa haiwezekani.

Asubuhi nilisikia hodi. Ni binti, kakumbatia tembo wake wa plastiki. Mjomba wake alikuwa sebuleni, kampita! Akaniuliza kama tembo naye anaweza kunikimbiza. Kumbe jana alikuwa anacheka! Alicheka hadi akashikwa na kwikwi, mama yake ni shahidi. Akasema mjomba anatengeneza vitu vizuri, lakini vitu vya mjomba havimkimbizi mtu. Moyo wangu! Nilimkumbatia yeye na tembo pamoja, na machozi yalinitoka kidogo.

Shemeji, ambaye hana haya, alichungulia mlangoni akanisihi safari hii niweke uzito mbele. Nikamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni wa masjala, kwamba kosa la jana lilikuwa wazi kabisa. Mheshimiwa hakukaa nyuma ya kutosha.