Beji Inayofika Tumboni

Jumatatu, 3 Machi
Matroni ametangaza: anatafuta mkuu wa wodi. Nani kama mimi? Mpinzani ni mmoja tu, Dada Kimya. Ana shahada ya uuguzi, lakini beji yake imeandikwa "Muuguzi", basi. Amesoma halafu anaficha! Mimi nina stashahada, leseni na vyeti vya semina kibao. Nimemwagiza fundi wa beji aviandike vyote. Akasema kifua hakitatosha. Nikamwambia ateremke tumboni, huko nafasi ipo.

Jumanne, 4 Machi
Beji imetoka! Inaning'inia shingoni hadi kitovuni. Mke wangu kaniuliza kama ni ratiba ya mabasi. Wivu tu. Wodini nikainama kumpima presha mzee wa kitanda cha dirishani, beji ikazama kwenye uji wake. Mzee akaisoma yote, taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, kusoma umesoma. Sasa nitafutie uji mwingine." Nimeipokea kama sifa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Matroni naye kaisoma beji, mpaka mstari wa mwisho: Cheti cha Unyonyeshaji. Kwenye semina ile nilifuata chakula cha mchana tu! Anayefundisha kunyonyesha wodi ya wazazi anaumwa, kwa hiyo nikapelekwa mimi. Kina mama wananitazama, mimi nimemshika mwanasesere wa kufundishia kichwa chini, miguu juu. Jasho chapachapa. Dada Kimya akapita. Hakucheka. Akamgeuza mwanasesere, akaketi, akafundisha mpaka kila mtoto akanyonya. Mama mmoja aliyelia tangu asubuhi akaanza kutabasamu. Nilifurahi, kusema haki. Nikabaki kubeba mito.

Ijumaa, 7 Machi
Dada Kimya ndiye mkuu wa wodi. Roho imeniuma mpaka chai haikushuka. Nikamwendea Matroni kumuuliza nimepungukiwa cheti gani. Akasema hakuna aliyehesabu vyeti. Kisha akaniambia polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa, "Mwenzako ni mnyenyekevu, baba. Jifunze hilo."

Kumbe! Siri yenyewe ndiyo hiyo, na watu wameikalia! Moyo umetulia, njaa imerudi. Nimekimbia kwa fundi. Vyeti vyote afute. Aandike MUUGUZI MNYENYEKEVU, kwa herufi za dhahabu. Akauliza ziwe za ukubwa gani.

Nimemwambia kubwa kuliko zote alizonazo.